Msasa, Msuguano na Shingo ya Gitaa la Besi

Katika masomo ya fizikia mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba uso laini una msuguano mdogo, na uso uliokwaruzwa una msuguano mkubwa. Kanuni hiyo huelekea kuwa kweli gogo linapoburutwa juu ya changarawe. Hata hivyo, wapigaji wengi wa gitaa la besi huchukua msasa na kuikwaruza shingo ya gitaa iliyopakwa vanishi inayong'aa kama kioo, na baada ya kazi hiyo mkono huteleza vizuri zaidi kuliko awali. Sababu yake yafaa kuchunguzwa, pamoja na hasara inayoweza kumpata afanyaye kazi hiyo bila maarifa.

1. Shingo na utando wake

Gitaa la besi la umeme lilienea duniani baada ya Leo Fender wa Marekani kutoa gitaa lake liitwalo Precision Bass mwaka 1951. Shingo yake ilitengenezwa kwa mti mgumu wa Amerika ya Kaskazini uitwao mepo. Nyuzi zake nne, ambazo hutetema takriban mara 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde, kwa kawaida huivuta shingo kwa kani ya jumla ya nyutoni 700 hadi 900. Ni kana kwamba mtu mzima ananing'inia kwenye nyuzi hizo usiku na mchana.

Vanishi au rangi iliyo juu ya mbao si pambo tu. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Mepo mbichi ikikaushwa kabisa, husinyaa kwa kiasi cha asilimia 4.8 kutoka kiini kuelekea ganda, na asilimia 9.9 kufuata mzunguko wa pete za mti. Lakini kwa urefu husinyaa kidogo mno. Upande mmoja ukinywa unyevu kuliko mwingine, ubao hupinda. Utando wa vanishi hupunguza kasi ya mabadiliko hayo.

2. Kwa nini mkono hunata

Mwaka 1699 Guillaume Amontons wa Ufaransa alieleza kwamba msuguano hulingana na kani inayokandamiza nyuso mbili, wala hautegemei ukubwa wa eneo linaloonekana kugusana. Katika karne ya 20 Bowden na Tabor walionyesha kwamba eneo la mgusano halisi ni dogo sana kuliko lile linaloonekana, kwa kuwa nyuso ngumu hugusana kwenye ncha za vilima vidogo tu.

Ngozi ya binadamu ni laini na hunyumbuka. Ikiwekwa juu ya vanishi inayong'aa, hujibandika karibu kila mahali, hivyo eneo la mgusano halisi huwa kubwa na mnato huongezeka. Jasho kidogo huilainisha ngozi na kuzidisha mnato huo. Maji mengi, kinyume chake, huzitenganisha nyuso na kuzitelezesha. Msasa mwembamba huacha mifereji midogo, na ngozi hugusa ncha zake tu. Basi kanuni ya darasani si ya uongo. Ina mipaka yake. Mikwaruzo mikubwa hukwamisha, na ung'aavu hunatisha. Kati ya hizo mbili kuna hali iliyo bora.

3. Jaribio

Vifaa: ubao uliopakwa rangi ya kung'aa na kukauka kabisa, msasa namba 400, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kipande cha mbao kizito, na kipimapembe.

Sugua nusu ya ubao mpaka ung'aavu upotee, kisha ufute vumbi. Gundisha mpira chini ya kile kipande kizito. Kiweke juu ya nusu inayong'aa na uinue ubao taratibu mpaka kianze kuteleza. Pima pembe. Rudia mara tano, kisha ufanye vivyo hivyo kwa nusu iliyosuguliwa. Tanjenti ya pembe ndiyo uwiano wa msuguano: pembe ikiwa digrii 31, uwiano ni 0.60.

4. Namna ya kusugua

Namba ya msasa ikiongezeka, chembe zake hupungua ukubwa. Katika vipimo vya Ulaya, chembe za P120 zina wastani wa sehemu 125 za milioni ya mita, na za P400 sehemu 35.

Ubao wa vidole hufunikwa kwa karatasi ya gundi, na mgongo wa shingo pekee ndio husuguliwa. Mkono husogezwa kufuata nyuzinyuzi za ubao, kamwe si kuzikata. Anayetaka kuondoa ung'aavu tu huanza na P400 na kumalizia na namba kubwa zaidi, akiacha utando ukiwa mzima. Njia hii ndiyo salama, maana kinga dhidi ya unyevu hubaki. Anayetaka kufikia mbao huanza na P120, kisha P180, P240 na P320, akichunga asibadilishe umbo la shingo. Mbao ikiwa tupu, hupakwa mafuta ya kitani yanayokauka, kwa tabaka nyembamba, na ziada hufutwa. Ikiachwa bila kinga, hunywa jasho na kuwa nyeusi.

5. Tahadhari

Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mdomo na pua vifunikwe kwa barakoa inayozuia vumbi, na kazi ifanywe penye hewa ya kutosha. Tena, mafuta ya kitani hukauka kwa kuungana na oksijeni, na muungano huo hutoa joto. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa, huweza kuwaka yenyewe. Yaanikwe nje yakiwa yamekunjuliwa, au yalowekwe majini.

Maswali

1. Kwa nini unga wa mhogo mkavu ukipakwa mikononi hupunguza mnato juu ya vanishi?
2. Tambara moja lililotandazwa haliwaki, lakini rundo huwaka. Eleza.
3. Pembe ya kuteleza ikiwa digrii 22, tafuta uwiano wa msuguano.