Damu ya Jirani na Kijana Aliye Ndani

Maandiko: Mwanzo 4:8–15, Zaburi 25:7, Kumbukumbu la Torati 21:1–9

Juma hili tufungue maandiko juu ya jambo tunaloliongea pale getini baada ya ibada, lakini hatulileti madhabahuni. Mtoto akiua, afanyiwe nini? Na sisi tuliobaki na hofu mtaani, tuishi vipi?

Wengi mnajua yaliyotupata. Mwaka jana ndugu yetu mwenye duka aliuawa usiku akifunga mlango. Wanaoshtakiwa ni watatu, na mmoja wao ana miaka 16, mtoto wa hapa hapa, tumemwona akikua. Siku aliposhikwa, tairi lilikuwa tayari na petroli imeshanunuliwa. Wazee wawili walimzingira mpaka gari la polisi likafika, na walitukanwa sana kwa hilo. Kesi iko kortini, kwa hivyo mimi siiamui hapa.

Lakini mjane wa marehemu na mama ya huyo kijana wote ni wa ushirika wa nyumbani ninaouongoza. Mjane aliniuliza, "Mzee, huyo akitoka, mimi na watoto tutahamia wapi?" Wiki hiyo hiyo mama ya kijana naye akaniuliza, "Mzee, mtoto wangu akizeekea huko ndani, nilimzalia nini?" Wote wawili wameniruhusu niyaandike. Maswali hayo mawili ndiyo somo letu.

1. Mungu husikia damu kwanza

Kaini alipomuua Habili, hakuna aliyepiga ripoti. Mungu mwenyewe ndiye aliyesema kwamba damu ya Habili inamlilia kutoka ardhini. Kabla ya kumzungumzia muuaji, tumsikie aliyeuawa na walioachwa.

Mjane wetu hafungui mlango baada ya saa moja jioni. Watoto wanalala naye kitanda kimoja. Pikipiki ikipunguza mwendo nje, wote wanaamka. Halafu ndugu katika Bwana anamwambia, "Dada, samehe tu uendelee na maisha." Wapendwa, tusidanganyane. Hofu hiyo si upungufu wa imani. Mungu hakuiambia damu ya Habili inyamaze, na sisi tusimnyamazishe mwenye kulia. Kudai haki kortini si dhambi.

2. Mungu huyo huyo alimwekea Kaini alama

Kaini alihukumiwa. Ardhi ilimkataa, akawa mtu wa kutangatanga. Lakini alipolia kwamba kila atakayemwona atamuua, Mungu alimwekea alama ili asiuawe. Adhabu na ulinzi, kwa mtu mmoja, siku moja. Wale wazee wawili walisimama mahali pa ile alama. Tairi si haki. Tairi ni Kaini wengi wakimzunguka mmoja.

Na Kaini alikuwa mtu mzima. Kwa kijana, Maandiko yanaongeza neno. Katika Zaburi 25:7 Daudi anamsihi Bwana asizikumbuke dhambi za ujana wake. Hasemi hazikuwa dhambi. Anajua kwamba ujana una makosa yake, na kwamba mtu anaweza kukua akayaacha.

3. Sheria nayo imetembea njia hiyo

Katika Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Mtoto hahukumiwi kifo. Wavulana wa miaka 15 hadi 17 wanaweza kupelekwa Borstal, kama ile ya Shimo la Tewa au Shikusa, kwa muda usiozidi miaka 3, wasome na kujifunza kazi ya mkono.

Kwa kosa la kuua mambo yalikuwa mengine. Kwa miaka mingi mtoto aliyepatikana na hatia hiyo aliwekwa ndani mpaka Rais atakaporidhia. Hakuna aliyeweza kumwambia mama yake ni miaka mingapi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilisema jambo hilo linapingana na Katiba. Na tangu 1990 Kenya imefungwa na Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao unakataza aliyekosa kabla ya miaka 18 kufungwa maisha bila nafasi yoyote ya kuachiliwa.

Marekani haijauridhia mkataba huo, na huko ndiko adhabu hiyo ilikoenea. Mwaka 1963 kijana wa miaka 17, Henry Montgomery, alimuua naibu wa sherifu katika jimbo la Louisiana. Alifungwa maisha, bila nafasi ya kutoka. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria isimlazimishe jaji kutoa kifungo hicho kwa aliyekosa akiwa mtoto. Lazima kwanza atazame umri na maisha yake. Sababu walizotoa hata mama wa sokoni anazijua: mtoto hajapevuka akili, anavutwa haraka na wenzake, na anaweza kubadilika kuliko mtu mzima. Mwaka 2016, katika kesi ya Montgomery mwenyewe, mahakama ilisema uamuzi huo uwafikie na waliofungwa zamani. Bodi ilimkatalia mara mbili. Alitoka Novemba 2021, akiwa na miaka 75.

Hapa nataka msikilize vizuri. Binti wa yule afisa alienda kumwona Montgomery gerezani, akamsamehe. Na bado familia ilipinga asiachiliwe. Je, msamaha wake ulikuwa wa uongo? La. Kusamehe ni kazi ya moyo mbele za Mungu. Kufungua jela ni kazi ya korti na bodi. Mjane wetu anaweza kusamehe na bado aombe alindwe. Vivyo hivyo, tunaweza kukubali kijana afungwe, na kifungo kiwe kirefu, bila kumtangaza kuwa amekwisha kabisa.

4. Tupime umbali

Katika Kumbukumbu la Torati 21, maiti ikionekana shambani na muuaji hajulikani, wazee walitoka wakapima umbali hadi miji iliyo jirani. Wazee wa mji ulio karibu zaidi walikuja mbele za Mungu, wakanawa mikono, wakatamka kwamba hawakumwaga damu hiyo.

Kwetu aliyeshtakiwa anajulikana, lakini kile kipimo bado kinatuhusu. Kutoka duka lile hadi mlango wa kanisa letu ni mwendo wa dakika nne. Mzee anayenawa mikono lazima aweze kusema kweli. Vijana wanaoketi pale stejini usiku, nani kati yetu anajua majina yao? Aliyeacha shule kwa sababu ya karo, nani alimfuata? Maswali haya hayamwondolei muuaji hatia yake. Yanatuzuia tu sisi kunawa mikono haraka.

Kwa mjane, jibu langu ni hili: usihame peke yako na hofu yako. Akina baba wa ushirika wetu watapeana zamu ya kukusindikiza ukifunga duka, na kesi ikitajwa, utaenda kortini na watu wako. Kwa mama ya kijana: hukumzalia jela. Nenda ukamwone, na mmoja wetu atakwenda nawe. Mwambie aseme ukweli mbele ya jaji, kwa sababu mabadiliko huanzia hapo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni maneno gani tunayowaambia waliofiwa ambayo yanawanyamazisha?
2. Ukikuta umati umemshika mshukiwa, wewe utasimama wapi?
3. Taja kijana mmoja aliye ndani ya dakika nne kutoka kwako. Utamfanyia nini juma hili?

Tuombe

Bwana, wewe unayesikia damu ikilia, wafariji walioachwa na uwape usingizi. Wape majaji hekima. Mshike kijana aliye ndani, umvunje na umjenge upya. Na sisi utupe mikono tunayoweza kuiosha mbele zako bila kusema uongo. Kwa jina la Yesu, Amina.