Sitara ya Mwanafunzi Katika Bweni la Chuo

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wanaokaa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, juu ya jambo ambalo sisi watu wa pwani pia limo majumbani mwetu, ila hatujalitia maanani. Wao ni watu wa mashamba ya maua. Wameweka akiba shilingi kwa shilingi mpaka mtoto akaingia chuoni na kupewa kitanda katika bweni. Mara mtoto aambiwa: hutapata mtandao wa bweni mpaka utie katika kompyuta yako programu ya usalama ya chuo. Je, akubali?

Kwanza tukipe chuo haki yake. Mtandao wa bweni ni kama kisima kimoja kitekwacho na watu mia; ndoo moja chafu huwadhuru wote. Mwezi wa Agosti 2003 programu ya uharibifu iitwayo Blaster ilienea ulimwenguni katika kompyuta za Windows, na vyuo vya Marekani vilipofunguliwa wanafunzi wengi walikuja nayo mabwenini. Ndipo vyuo vingi huko vikashurutisha kompyuta ikaguliwe kabla ya kuingia mtandaoni. Mchunga kisima hana lawama.

Lakini ukaguzi una namna mbili, na watu huzichanganya. Namna ya kwanza ni ya mlinzi asimamaye mlangoni. Yeye huona kompyuta gani imeingia, saa ngapi, na kwa kawaida jina la mahali ilikokwenda. Maneno yenyewe hayaoni, kwani tovuti nyingi siku hizi huyafunga mazungumzo yao kama barua iliyotiwa lakiri. Kompyuta ikitoa uchafu, huifungia mlango, basi. Namna ya pili ni ya mlinzi ahamiaye chumbani. Programu hukaa ndani ya kompyuta yenyewe. Nyingine hutazama tu kama kinga ya virusi ipo na ni mpya. Nyingine humpa msimamizi uwezo wa kuorodhesha yaliyomo, kutazama kioo, hata kufuta kila kitu naye yuko mbali. Na chuo kikitaka utie pia cheti chake cha mtandao, kinaweza kuivunja lakiri, kikasoma, kikaitia tena, wala usijue.

Aliyefika Karagita aijua ploti ilivyo: chumba kimoja cha kupanga, watu watano, na pazia baina ya kitanda na viti. Pazia lile ni kitambaa tu, mtoto mchanga aweza kulifunua. Lakini mgeni halifunui. Kwa nini? Kwa sababu sitara haipimwi kwa unene wa ukuta. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tupige hodi na kutoa salamu; na katika Al-Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa upelelezi. Hata muhtasib, aliyewekwa na dola kukataza maovu masokoni, Imam Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 1058) amemwekea mpaka: kazi yake ni yaliyo dhahiri, na si juu yake kuyafukua yaliyofichwa, ila panapokuwa na khabari ya kuaminika ya jambo kubwa, kama mtu anayetaka kuuawa. Ikiwa muhtasib hana ruhusa hiyo, fundi wa mitambo ameipata wapi?

Wako wazazi watakaosema: heri wachungwe, vijana wa leo hutazama machafu. Twawaelewa, lakini wamekosea njia. Programu ile imewekwa kulinda mitambo, si kulea. Na wajiulize ni nani atazamaye upande wa pili. Binti amehifadhi humo picha alizopigwa nyumbani kichwa wazi, na barua alizomwandikia mamake. Je, wako radhi zifunuliwe na kijana wasiyemjua? Haya si mawazo tu. Mwaka 2010, huko Pennsylvania, wilaya ya shule ya Lower Merion ilishtakiwa kwa kuwa kompyuta ilizowagawia wanafunzi zilikuwa na programu ya kutafutia zilizopotea, nayo ikawapiga wanafunzi picha wakiwa majumbani mwao. Mwaka huo huo wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 ili kesi imalizike. Na kompyuta zile zilikuwa mali ya shule; sembuse ya mwanafunzi mwenyewe!

Kwa hapa Kenya sheria iko. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 32, yataka ridhaa ipimwe kama kweli ni ya hiari, na moja katika vipimo ni kama huduma imefungamanishwa na kutoa khabari zisizohitajika kwa huduma hiyo. Wala sheria hii si wino tu: Septemba 2023 Roma School ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila ya idhini ya wazazi.

Basi jibu letu kwa ndugu wa Karagita ni hili. Mtoto asikatae kwa jeuri, wala asitie sahihi kabla ya kusoma. Akiandikie chuo barua, aulize: programu hii yaona nini, nani husoma, khabari hukaa muda gani, na mwanafunzi akihama bweni huondolewaje. Aulize pia kama ipo njia nyingine ya kuingia mtandaoni kwa kompyuta iliyo safi. Ikiwa yatazama kinga ya virusi tu, akubali. Ikiwa yataka zaidi ya hayo na chuo hakitoi sababu, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, naye amepewa na sheria siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Katika siku hizo, picha za nyumbani ziondolewe katika kompyuta hiyo, na mambo ya siri yafanywe kwa simu yenye bando lake mwenyewe, ingawa twajua kuwa bando ni ghali kwa mtoto wa mchuma maua.