Mfuko Wetu wa Dharura na Mafuta ya Falkland



Waliokuwepo kwenye mkutano wetu wa Novemba wanakumbuka ile ajenda ya mwisho, iliyotuchelewesha mpaka mlinzi akaja kutuzimia taa. Kwa ambao hamkuwepo, mwenzetu mmoja alipendekeza tuchukue paundi 3,000 kati ya zile 4,150 za mfuko wa dharura, tukanunue hisa za kampuni ndogo inayotafuta mafuta baharini, mbali huko kusini mwa dunia. Alikuja na karatasi zenye ramani na picha nzuri. Hoja yake ilikuwa fupi: hela iliyolala benki haizai, na sisi hapa Aberdeen tunaishi kwenye mji wa mafuta, sasa tunangoja nini? Watu wakagawanyika. Mwenyekiti akanigeukia, akasema, "Injinia, hii ni fani yako. Tuandikie somo kwenye gazeti kabla hatujapiga kura."

Basi hili ndilo somo. Lakini kwanza nitubu, maana siku ile nilikaa kimya. Miaka miwili iliyopita nilinunua hisa za kampuni ya aina hiyohiyo kwa paundi 600. Hela hiyo niliipata kwa kubeba boksi usiku, na ilikuwa ya kuezekea nyumba ya mzee kijijini. Leo hisa zile nikiziuza napata paundi 85. Mzee bado anaweka ndoo sebuleni mvua ikinyesha. Nilisoma jiolojia ya ile kampuni usiku na mchana, lakini upande wa fedha sikuusoma hata ukurasa mmoja. Sitaki mfuko wetu upite njia hiyo.

Kwanza, mafuta yanapatikanaje?

Watu wengi wanadhani kuna ziwa la mafuta chini ya bahari, unatoboa tu yanaruka. Sivyo. Mafuta hukaa ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, kama maji ndani ya sponji. Ili yapatikane kwa kiasi cha maana, mambo matano lazima yawepo kwa pamoja:

1. Mwamba mama, uliobeba mabaki ya viumbe wa kale na kupikwa na joto la ardhi mpaka ukatoa mafuta.
2. Njia ya mafuta kusafiri kutoka kwenye mwamba huo.
3. Mwamba wa kuyapokea, wenye vitundu vya kutosha.
4. Mwamba wa kufunika juu, usiopitisha kitu, ili yasivuje.
5. Umbo la kuyanasa, kama bakuli lililogeuzwa, nalo liwe limeshajengeka kabla mafuta hayajapita.

Sasa tufanye hesabu ya kidato cha nne. Tuseme wataalamu wana uhakika wa asilimia 70 kwa kila jambo. Asilimia 70 inasikika vizuri, sivyo? Lakini yote matano yanatakiwa kwa mpigo, kwa hiyo unazidisha: 0.7 mara yenyewe hadi ziwe tano. Jibu ni 0.168. Yaani kisima kimoja kati ya sita. Na hata kikifanikiwa, umepata mafuta tu. Bado hujajua kama yanatosha kulipa gharama.

Mtu atasema, basi tununue kampuni itakayochimba visima vinne, kimojawapo kitajibu. Tatizo ni kwamba visima vya eneo moja ni ndugu wa baba mmoja. Kama mwamba mama haukupikwa, haukupikwa kwa vyote vinne.

Kisa cha Falkland

Nimechagua visiwa vya Falkland kwa sababu kisa chake kimekamilika vya kutosha kutufundisha, na kwa sababu karatasi za mwenzetu zinavitaja kama mfano wa mafanikio. Visiwa hivi viko Atlantiki ya kusini, karibu na Argentina lakini chini ya Uingereza. Nchi hizo mbili zilivipigania mwaka 1982, na Argentina inavidai mpaka leo.

Mwaka 1998 makampuni makubwa, Shell ikiwemo, yalichimba visima sita kaskazini ya visiwa. Vitano vilionyesha dalili za mafuta au gesi. Lakini mwaka huohuo bei ya mafuta duniani ilianguka mpaka karibu dola 10 kwa pipa. Wakubwa wakafunga virago.

Bei ilipopanda tena miaka ya 2000, wakaingia wadogo waliochangisha fedha kwenye soko la hisa la London. Mwishoni mwa 2009 mtambo wa kuchimbia uitwao Ocean Guardian ulivutwa na meli kutoka hapahapa Scotland, ukafika Falkland Februari 2010. Kampuni ya Desire Petroleum ndiyo iliyoanza. Mwezi Machi ikatangaza kwamba kisima chake cha kwanza kilichokuta hakiridhishi, na hisa zake zikaporomoka. Mtambo uleule, kwenye bahari ileile, ukahamia kwa Rockhopper. Tarehe 6 Mei 2010 Rockhopper ikatangaza imepata mafuta, ikauita ugunduzi huo Sea Lion. Hisa zake, zilizokuwa chini ya peni 50, zikapanda zaidi ya mara mbili kwa siku moja. Vuli ya mwaka huo zilikuwa zimepita paundi 4.

Hapo ndipo karatasi za mwenzetu zinapoishia. Mimi naomba tuendelee.

Desemba 2010 Desire ilitangaza nayo imepata mafuta. Siku chache baadaye ikasahihisha: sampuli zilipopimwa, yalikuwa maji. Waliokimbilia kununua katikati ya matangazo hayo mawili waliumia vibaya. Mwaka 2013 Desire ikamezwa na kampuni nyingine ya hukohuko.

Rockhopper, ambayo kweli ilipata mafuta, haikuwa na fedha za kuyatoa. Mwaka 2012 ikaiuzia Premier Oil asilimia 60 ya mradi, kwa dola milioni 231 taslimu pamoja na ahadi ya kuchangia gharama za baadaye. Mwaka 2014 bei ya mafuta ikaanza kuanguka kutoka zaidi ya dola 110, na kufikia Januari 2016 ilikuwa chini ya dola 30. Premier ikazidiwa na madeni. Mwaka 2021 ikaungana na nyingine na kuwa Harbour Energy, nayo Harbour ikajitoa Falkland. Mwaka 2022 ikaingia Navitas Petroleum ya Israel. Mwishoni mwa 2025 ndipo Navitas na Rockhopper wakatangaza uamuzi wa mwisho wa kujenga, mafuta ya kwanza yakitarajiwa 2028.

Hesabuni wenyewe. Kuanzia kugundua mwaka 2010 hadi pipa la kwanza, mambo yakienda sawa, ni miaka 18. Na katikati ya safari hiyo, kuna wakati mwaka 2020 hisa ya Rockhopper ilishuka chini ya peni 10. Mafuta hayakuwa yametoka chini ya bahari. Yalikuwepo palepale.

Umbali una bei yake

Hapa Bahari ya Kaskazini kisima kikileta shida, kipuri kinaweza kufika kwa helikopta siku hiyohiyo, na kuna mabomba, bandari na mafundi. Falkland wakazi wote ni kama elfu tatu na ushee. Sea Lion iko zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya visiwa hivyo, kwenye maji ya kina cha mita 450 hivi. Mtambo wenyewe lazima utoke ng'ambo, na unaulipia toka unapoanza safari, siyo toka unapoanza kutoboa. Ndiyo maana kampuni ndogo hugawana mtambo mmoja, kama sisi tunavyogawana teksi ya kwenda uwanja wa ndege.

Tena mafuta ya Sea Lion yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda, kwa hiyo lazima yapashwe joto njia nzima mpaka kwenye meli ya kuhifadhia. Kitaalamu inawezekana, lakini ni hela juu ya hela.

Na siasa nayo ina ankara yake. Februari 2010 Argentina iliamuru meli zote zinazopita kati ya bandari zake na visiwa hivyo ziombe kibali kwanza. Bandari kubwa za jirani zinapokuwa za mtu anayekudai shamba, kila boliti unaagiza kutoka mbali.

Hisa zinavyopungua bila kuibiwa

Hili ndilo lililoninyonga mimi. Kampuni ya utafutaji haina mapato, haina inachouza. Kila ikihitaji fedha ya kisima kipya hutoa hisa mpya. Chukulia sinia la pilau mmekaa watu kumi. Wanakuja wengine kumi, wamebeba mchele kidogo, wanakaa. Hakuna aliyekuibia, lakini fungu lako limekuwa nusu. Kampuni niliyonunua mimi ilitoa hisa mpya mara tatu ndani ya miezi kumi na nane, kila mara kwa bei ya chini kuliko ile ya mwanzo. Nilikuwa napata barua, nazitupa bila kuzisoma vizuri. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi ni ushahidi.

Halafu kuna suala la muda. Paundi 1 utakayolipwa baada ya miaka 18 si sawa na paundi 1 ya leo. Ukitaka faida ya asilimia 10 kwa mwaka, na kwa biashara ya hatari namna hii hiyo ni kidogo, basi paundi hiyo leo ina thamani ya peni 18 tu.

Hata nyumbani tumeyaona

Msidhani hii ni ya Wazungu peke yao. Gesi ya Songo Songo, pwani ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Ilifika Dar es Salaam kuzalisha umeme mwaka 2004, miaka 30 baadaye. Na gesi iliyoanza kugunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari ya Tanzania mwaka 2010 ilituletea shangwe kubwa. Muongo mmoja ukapita ikiwa bado chini ya bahari. Kugundua ni jambo moja, kuuza ni jingine, na baina yake kuna mabilioni ya dola ambayo lazima mtu akubali kuyatanguliza.

Maswali ya kuuliza kabla hujatoa hela

1. Kampuni ina fedha taslimu kiasi gani, na kwa matumizi yake ya sasa zitaisha lini? Jibu liko kwenye taarifa yake ya hesabu.
2. Imetoa hisa mpya mara ngapi miaka mitatu iliyopita?
3. Kisima kinachofuata nani anakilipia? Kama kampuni kubwa imekubali kuchangia baada ya kuangalia takwimu, ni dalili njema. Kama kila mkubwa amekataa, jiulize wewe umeona nini wasichokiona.
4. Neno lililoandikwa ni "kadirio la kinachoweza kuwepo" au "akiba iliyothibitishwa"? Tofauti yake ni kama ya posa na ndoa.
5. Aliyekupigia simu ana kibali? Hapa Uingereza, orodha ya wanaoruhusiwa kuuza bidhaa za fedha iko kwa mamlaka ya FCA, na kuiangalia ni bure. Anayekuharakisha, "leo ndiyo mwisho," mkatie simu.

Maoni yangu

Sisemi biashara hii ni haramu au utapeli. Waliouza Rockhopper vuli ya 2010 walipata, na bila watu wa kuthubutu hakuna kisima kingechimbwa popote. Mwenzetu aliyeleta wazo hakukosea kulileta; ametufanya tujifunze. Lakini hela ya namna hii inatakiwa iwe ya mtu ambaye ikipotea yote atalala usingizi, na ambaye anaweza kusubiri miaka 18.

Mfuko wetu hauna sifa hata moja kati ya hizo. Ndio uliomkatia tiketi dada yetu wa Bukoba alipofiwa na mama yake katikati ya mitihani. Ndio uliochangia kumrudisha Mombasa ndugu yetu aliyetutoka majira ya baridi mwaka juzi. Msiba haupigi simu kuuliza bei ya hisa imefikia wapi leo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Paundi 4,150 zikae kwenye akaunti ya akiba yenye riba, inayoruhusu kutoa muda wowote. Riba ni ndogo, lakini hela ipo. Na wale wenye hamu ya hisa tuanzishe kikundi cha kusoma pamoja, kila mtu na hela yake mfukoni, tukichambua taarifa za kampuni moja kila mwezi. Kura ni mkutano wa Februari. Nitakuja na zile barua zangu nilizokuwa nazitupa, maana nilizipata tena kwenye kompyuta, tuzisome wote.

Naomba kuwasilisha.