Nisabu ya Zaka kwa Hesabu ya Atomi

Ukifundisha kemia kidato cha tatu hapa Garissa, usifungue mada ya moli kwa gramu 12 za kaboni. Nani amewahi kununua kaboni kwa gramu? Fungua kwa dinari 20. Hizo wanafunzi wamezisikia tangu duksi, chuo cha Qur'ani, maana ndizo nisabu ya dhahabu, kiwango cha chini kinachowajibisha zaka: zikikaa mkononi mwako mwaka mzima wa Hijria, unatoa moja ya arubaini. Mifugo ni rahisi zaidi, mwenye ngamia watano anatoa mbuzi mmoja na mizani haiguswi. Dhahabu ndiyo inayotaka hesabu.

Anza na gramu. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotoa dinari mpya mwaka 77 Hijria, yapata 697 Miladia, uzito wake ulikuwa mithqali moja, yaani gramu 4.25. Dirhamu ya fedha inafuata hapo, kwani dirhamu 10 zina uzito wa mithqali 7, hivyo kila moja ni gramu 2.975. Zidisha: dinari 20 ni gramu 85 za dhahabu, na dirhamu 200, ambazo ndizo nisabu ya fedha, ni gramu 595. Wanaopima kwa tola, ambayo ni gramu 11.66, husema tola saba na nusu, na hapo unapata gramu 87.5 hivi. Hiyo tofauti waachie masheikh. Mimi darasani nashika 85.

Halafu kuna karati, ambayo wengi huiruka. Dhahabu ya karati 21 ni sehemu 21 kati ya 24, asilimia 87.5. Ili upate gramu 85 za dhahabu tupu, mapambo ya karati 21 yafike gramu 97.1. (Kama mapambo ya kuvaliwa yanatolewa zaka au la, muulize maalim wa dini, si wa kemia.) Na ukienda kupima kwa sonara, mwombe azime feni au afunike mizani kwa kile kioo chake. Upepo wa feni unatosha kuichezesha tarakimu ya mwisho usijue ushike ipi.

Sasa ingia kwenye atomi. Uzito wa atomi hupimwa kwa daltoni, nayo ni sehemu moja ya 12 ya atomi ya kaboni-12: gramu 1.6605 × 10⁻²⁴. Wanafunzi hukimbilia kugawanya. Wanabonyeza 4.25 ÷ 1.6605 × 10 ^ −24, kikokotoo kinagawanya kwanza kisha kinazidisha, na jibu linatoka daltoni 2.56 × 10⁻²⁴. Yaani dinari nzima ni nyepesi kuliko atomi moja ya hidrojeni! Wanalinakili hivyo hivyo daftarini bila wasiwasi. Dawa ni kutogawanya kabisa. Chukua gramu, zidisha kwa nambari ya Avogadro, 6.022 × 10²³, umepata daltoni. Dinari moja ni daltoni 2.56 × 10²⁴. Nisabu yote ni 5.12 × 10²⁵.

Ukitaka idadi ya atomi, gawanya daltoni hizo kwa uzito wa atomi moja, ambao kwa dhahabu ni 196.97. Nisabu inakuwa atomi 2.60 × 10²³, na kwa kuwa moli moja ni hiyo nambari ya Avogadro, gramu 85 hazifiki hata nusu ya moli. Kwa fedha, yenye 107.87, gramu 595 zinatoa atomi 3.32 × 10²⁴. Kwa mizani nisabu ya fedha ni mara 7 ya dhahabu, lakini kwa kuhesabu atomi ni karibu mara 13. Hapo ndipo darasa huanza kubishana, nami huwaacha wabishane.

Mfano ninaoupenda zaidi ni riyali ya Maria Theresa, ile iliyoandikwa 1780 hata kama ilichapwa miaka mingi baadaye. Ilizunguka Pembe ya Afrika yote na kufika Unguja, na akina mama waliivaa shingoni. Ina gramu 28.07, sehemu tano kati ya sita ni fedha, iliyobaki ni shaba. Fedha ni gramu 23.39, igawanye kwa 107.87 upate moli 0.217. Shaba ni gramu 4.68, gawanya kwa 63.55 upate moli 0.074. Jumlisha, kisha tazama: shaba ni moja ya sita kwa uzito, ila kwa idadi ni robo ya atomi zote, kwa sababu atomi yake ni nyepesi. Na ukihesabu fedha tupu, riyali 26 zinavuka nisabu.

Mwisho ni tarakimu. Mizani ya sonara inasoma hadi gramu 0.01, na hiyo 0.01 ya dhahabu ina atomi 3 × 10¹⁹. Basi hakuna maana ya kuandika tarakimu zote zinazojaa kwenye kioo cha kikokotoo, tatu zinatosha. Anayeniletea 2.598823 × 10²³ kutoka kwa bangili iliyopimwa chini ya feni, nampunguzia alama.