Gari Lako Linaandika: Vidokezo kwa Madereva wa Garissa na Kaskazini Mashariki

Dereva anayevuka daraja la Mto Tana kutoka Madogo na kuingia Garissa ameacha nyuma mstari mrefu wa nukta: Thika, Mwingi, Ukasi, Bangale. Kila nukta ina saa, mwendo na mahali. Mwenye gari anausoma mstari huo. Kampuni ya traka inausoma, aliyetoa mkopo wa gari anaweza kuusoma, na siku ya ajali mkaguzi wa bima atauulizia. Anayekosa kuusoma mara nyingi ni dereva mwenyewe, ingawa ndiye anayetajwa humo. Vidokezo hivi ni vya kumrudisha mezani.

1. Hesabu vinavyoandika ndani ya gari lako

Kuna vinne vya kutafuta. Kidhibiti mwendo, kama ni basi, matatu au lori. Traka, ambayo kwa kawaida imefichwa nyuma ya dashibodi na ina laini yake ya simu. Kompyuta ya mikoba ya hewa, ambayo katika magari mengi ya miaka ya karibuni huhifadhi sekunde chache za kabla ya mgongano. Na redio ya skrini, ambayo ukiiunganisha na simu yako kwa Bluetooth huweza kunakili majina na namba zote za watu wako. Ukikabidhiwa gari jipya kazini, uliza kuhusu vyote vinne siku hiyo hiyo, kabla hujatoka yadi. Swali hilo ni la kawaida kama kuuliza shinikizo la magurudumu.

2. Usiguse waya wa kidhibiti mwendo

Kanuni za waziri John Michuki zilitangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004. Ndizo zilizoleta kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria, pamoja na mikanda na ule mstari wa manjano. Vidhibiti vya wakati huo vilibana mwendo tu. Vya sasa hutunza pia rekodi ya mwendo, na mkaguzi anaweza kuisoma.

Fundi wa kukuwekea swichi ya siri utampata katika kila mji. Mkatalie. Barabara ya Garissa imenyooka, na ni kweli kilomita 80 huchosha pale ambapo huoni kona kwa nusu saa. Lakini rekodi safi ya 78, 79, 80 ni shahidi wako siku utakapohitaji mmoja, na rekodi iliyokatika ghafla saa moja kabla ya ajali itasimama upande wa pili.

3. Soma saa ya ripoti kabla ya kuitia sahihi

Hiki ni kidogo lakini kimewaumiza watu. Traka huchukua saa yake kutoka kwa setilaiti, na setilaiti hazifuati saa ya Nairobi. Kama kampuni haikupanga mfumo wake vizuri, ripoti hutoka ikiwa nyuma kwa saa tatu. Safari uliyoianza saa tatu asubuhi itaandikwa 06:00, nawe utaulizwa nani alikuruhusu kutoka alfajiri. Tafuta tukio moja unalolijua kwa hakika, kwa mfano risiti ya mafuta, ulinganishe.

4. Pengo kwenye ramani lina maelezo

Kati ya Garissa na Modogashe, au kutoka Dadaab kuelekea Liboi, kuna sehemu ambazo simu hukosa mtandao. Traka nyingi huendelea kuandika hata hapo: huweka nukta zake ndani ya kifaa, kisha huzituma zote kwa pamoja mtandao ukirudi. Meneja aliyeketi Nairobi huona gari limesimama, halafu limeruka kilomita 40.

Usikubali kuitwa mwizi wa mafuta kwa picha ya skrini. Omba isomwe ripoti kamili, ile iliyotolewa baada ya gari kufika penye mtandao. Na kama pengo limebaki hata baada ya hapo, waulize kampuni ya traka hali ya betri na antena ya siku hiyo. Antena iliyofichwa chini ya bati haioni anga.

5. Ngamia, wazee na sekunde tano

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hakuna ajali ya eneo hili inayoleta mzozo kama ya kugonga ngamia usiku. Mwenye mifugo atasema ulikuwa unapaa. Wewe utasema ulikuwa mwendo wa kawaida. Wazee wa koo watakaa, na mara nyingi swali litakalopima fidia ni moja tu: ulikuwa kasi gani?

Madereva wengi wameshasikia kwamba gari lina kisanduku cheusi kama cha ndege, nao wanadhani kitajibu. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2006, ambayo watengenezaji wengi wameifuata, ilitaka kifaa hicho, pale kilipo, kihifadhi mwendo wa sekunde 5 kabla ya mgongano, pamoja na kama breki ilikanyagwa na kama mkanda ulifungwa. Lakini kifaa hicho huamshwa na pigo zito, na miguu ya ngamia ni mirefu. Gari dogo huikata miguu, mwili ukaangukia kioo na paa. Vihisio vya mbele huenda visihisi pigo la kutosha, mikoba ya hewa isifunguke, na pasiandikwe chochote. Dereva aumie vibaya, kisanduku kibaki kitupu.

Kwa hiyo mategemeo yako ni traka na kamera ya dashibodi. Traka hutuma nukta kwa vipindi vilivyopangwa, wala haiandiki kila sekunde. Hata hivyo nukta mbili za kabla ya tukio zinatosha kuonyesha kwamba hukuwa 130. Omba ripoti ya saa nzima mapema, kabla kampuni haijafuta data ya zamani, na uichape kwenye karatasi. Wazee hupokea karatasi kwa urahisi kuliko simu inayopitishwa mkono kwa mkono.

Shauri likifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, hudai hati ya kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, iliyotiwa sahihi na anayesimamia mtambo ulioutoa. Idai hati hiyo kutoka kwa kampuni ya traka wakati ule ule unapochukua ripoti.

6. Waulize wanaoweza kulizima gari

Magari mengi ya mkopo huwekwa traka yenye uwezo wa kukata injini kwa mbali. Mjini Nairobi, gari likizimwa kwa sababu ya deni, utapanda matatu urudi nyumbani. Kwenye barabara ya Dadaab, jua likiwa linazama, jambo hilo linahusu uhai wa dereva na abiria, ambao pengine hawana habari ya mkopo wowote. Mwenye gari na aandikishe kwenye mkataba kwamba injini haitakatwa gari likiwa njiani, na kwamba atapigiwa simu kwanza. Dereva uliyeajiriwa, omba uonyeshwe kifungu hicho. Mkopeshaji anayekataa kukiandika amekwambia kitu cha kukumbuka.

7. Safari yako si tangazo

Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilishambuliwa na abiria 28 wakauawa. Hakuna haja ya kumweleza mkazi wa huku kwa nini saa ya kuondoka na njia ya gari havitangazwi. Hata hivyo, ninaona viungo vya traka vikitumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya watu 200 ili wapokeaji wa mizigo wajue gari limefika wapi. Kiungo hicho kikitoka nje ya kundi, huwezi kukirudisha.

Mpe mahali ulipo mtu mmoja wa nyumbani na mmoja wa kazini, kwa muda maalumu, kisha ufunge. Nywila ya traka ibadilishwe kila dereva au karani anapoacha kazi. Nyingi bado ni zile 123456 za kiwandani. Kamera ya dashibodi nayo, ukifika kwenye kizuizi au karibu na kambi, izime ukiambiwa, bila mabishano.

8. Ukikodisha Land Cruiser kwa shirika

Mashirika yanayofanya kazi Dadaab hupenda kupima udereva: breki za ghafla, mwendo, mkanda. Ni jambo jema, limeokoa watu. Muhimu ni kujua kipimo kabla ya kuanza kupimwa. Barabara ya mchanga na mashimo hutoa breki nyingi ambazo lami haizitoi, na dereva wa Garissa asilinganishwe na wa Thika Road kwa alama moja. Liseme hilo siku ya kusaini mkataba.

9. Sheria iko upande wako, itumie

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imetaja data ya mahali miongoni mwa vitu vinavyomtambulisha mtu. Anayekufuatilia anapaswa kukuarifu kwamba anakusanya, kwa sababu gani, na anampa nani. Una haki ya kuona kilichoandikwa juu yako. Kanuni za mwaka 2021 zinampa mhusika siku 7 kukujibu. Kikiwa na makosa, una haki ya kudai kirekebishwe.

Andika barua fupi, hata kwa mkono: jina, namba ya gari, tarehe za safari, unachotaka. Baki na nakala. Ukinyamaziwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaruhusu malalamiko ya mdomo, na ofisi ndiyo yenye wajibu wa kuyaandika, kwa hiyo asiyejua kuandika asikae nyumbani. Yanapaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90.

10. Kabla ya kukabidhi ufunguo

Ukiuza gari, futa simu yako kwenye redio ya skrini, toa kadi ya kumbukumbu kwenye kamera, na uiandikie kampuni ya traka ihamishe akaunti kwa jina la mnunuzi. Ukinunua, fanya kinyume chake: mtake muuzaji akuonyeshe kwamba hawezi tena kuona gari kwenye simu yake. Kama huna hakika naye, tafuta fundi wa umeme akague nyuma ya dashibodi, chini ya usukani na kando ya betri. Traka ya pili, iliyosahauliwa na mkopeshaji wa zamani, hupatikana huko.