Besi Hununuliwa kwa Sikio: Mbinu za Amplifaya kwa Wapigaji wa Katoro

Amplifaya ya kwanza niliyoinunulia kwaya yetu hapa Katoro niliijaribu dakika tano tu, sauti ikiwa chini tusije tukasumbua maduka ya jirani. Ilisikika safi. Jumapili, drams zilipoingia na kwaya ikasimama, nikaongeza sauti, na spika ikaanza kukwaruza kama karatasi inayochanwa. Fedha ile ilikuwa michango ya waumini, wakiwemo mama lishe na vijana wanaoshinda kwenye maduara ya kuchimba dhahabu. Iliniuma sana. Tangu hapo nafuata kanuni moja: amplifaya ya besi ijaribiwe kwa sauti ya kazi, na ihukumiwe na aliyekaa benchi la mwisho.

Anza kwa kusoma mgongo

Kabla ya kuwasha, geuza amplifaya usome kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mali ya mitumba kutoka Japani mara nyingi ni ya volti 100, na ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani inaungua. Iliyoandikwa 100–240 haina shida. Yenye swichi ya kuchagua volti, hakikisha imewekwa kwenye 230 au 240 kabla ya kuchomeka. Isiyo na mojawapo ya hayo inahitaji transfoma ya kupunguza umeme, yenye uwezo unaozidi wati ambazo amplifaya inakula. Ingiza gharama ya transfoma hiyo kwenye hesabu ya bei.

Kisha tazama wati. Namba kubwa ya PMPO iliyochapwa kwenye boksi isikushike. Uliza wati za RMS, yaani zile inazoweza kutoa mfululizo. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio huliona dogo. Ndiyo maana spika bora inaokoa fedha: yenye desibeli 97 kwa wati moja, umbali wa mita moja, ikipewa wati 100 inalingana na yenye desibeli 94 iliyopewa wati 200.

Kwa kwaya au bendi yenye drams kwenye ukumbi wa kawaida, lenga wati 200 hadi 300 za kweli, na spika moja ya inchi 15 au mbili za inchi 10. Kama kanisa lina mitambo mikubwa tayari, nunua amplifaya ndogo yenye tundu la kupeleka sauti kwenye miksa. Hiyo ndogo itakusaidia wewe kujisikia, na mitambo itabeba ukumbi. Sabufa ya nyumbani usiichomekee gitaa la besi. Haikutengenezwa kupokea mapigo ya nyuzi yasiyopunguzwa makali, na koni yake hufa mapema.

Jaribio la dakika 20

Nenda na gitaa lako mwenyewe na waya wako. Muuzaji asiyekubali ujaribu kwa sauti kubwa, mshukuru uondoke. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hatusubiri tena kivuko, na kwenda Mwanza kulinganisha mali kumekuwa rahisi. Usinunue kwa kuogopa kurudi mikono mitupu.

1. Washa bila gitaa. Mvumo mdogo ni kawaida. Mngurumo mzito ni dalili ya kapasita zilizochoka au waya wa ardhi uliokatika.
2. Zungusha kila kitufe polepole. Kikikwaruza, mara nyingi ni vumbi, na vumbi letu mnalijua. Dawa ya kusafishia vifaa vya umeme humaliza tatizo hilo, kwa hiyo litumie kupunguza bei.
3. Zima. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa. Ukihisi inakwaruza ndani, koili imeungua au imepinda.
4. Washa tena, piga uzi mnene wa E ukiwa wazi. Huo hutikisika mara 41 kwa sekunde. Uzi wa B wa gitaa la nyuzi tano, mara 31. Hapo ndipo boksi bovu hujitaja kwa skrubu zinazolia na mbao zinazopumua.
5. Endelea kupiga kwa sauti ya kazi hadi dakika 20 ziishe. Tikisa jeki, sikiliza feni, nusa. Harufu ya kuungua haina maelezo mazuri.

Ukiridhika, dai risiti. Kwa mali ya mkononi, andikeni hati ya mauziano yenye namba ya mashine, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na shahidi wa kila upande. Mali ya wizi ikigundulika, hati hiyo itakusaidia kueleza ulivyoipata.

Omu, waya na jenereta

Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4. Amplifaya ikiandikwa kiwango cha chini ni omu 4, usiongeze spika ya tatu: mzigo unashuka chini ya omu 3 na mashine inaweza kuungua. Ya valvu usiiwashe kamwe bila spika.

Waya wa gitaa na wa spika unaweza kuwa na jeki zinazofanana, lakini kazi ni tofauti. Wa gitaa umezungushiwa nyaya za kuzuia kelele. Wa spika ni nyaya mbili nene za kubeba nguvu. Ukitumia wa gitaa kwenye spika, unaweza kupata moto.

Kwenye mkutano wa injili au harusi ya uwanjani, washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uwashe amplifaya. Wakati wa kufunga, amplifaya itangulie kuzimwa. Teua mtu wa kuangalia mafuta, kwani jenereta inayokufa kwa kukosa mafuta huyumbisha umeme ikiwa bado imebeba vyombo.

Kutafuta sauti

Weka besi, midi na trebo katikati. Piga kwa nguvu zako zote huku ukipandisha geini hadi taa nyekundu iguse, kisha rudisha kidogo. Sauti ya ukumbi iongeze kwa masta.

Sasa anza kupunguza. Ukumbi wa kuta za saruji na paa la bati hujaa mvumo wenyewe, na boksi likiwa kwenye kona mvumo unazidi. Livute mbali na ukuta, liinue juu ya kreti lielekee kichwani, maana likiwa sakafuni linaongea na magoti yako. Punguza besi kidogo, ongeza midi kidogo. Ukiwa peke yako utaona sauti imekonda. Vumilia: sauti ya nne ya wanaume na gitaa lako zinagombania nafasi karibu na hezi 200, na midi ndiyo inayokufanya utambulike bila kuwafunika. Sikiliza rekodi za Mlimani Park Orchestra, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1978: besi inatembea wazi, na mwimbaji anabaki juu. Uwanjani fanya kinyume: hakuna kuta za kukusaidia, kwa hiyo rudisha boksi chini na uongeze besi.

Unapouza

Safisha vumbi, kaza skrubu, tafuta kamba yake ya umeme. Mweleze mnunuzi kila kilichowahi kutengenezwa na umpe zile dakika 20 bila kumharakisha. Usisubiri mpaka duara likauke na shida ikubane. Anayeuza kwa dharura hupangiwa bei. Tangaza kabla ya Pasaka, kabla ya Krismasi, au baada ya mavuno harusi zinapoongezeka, kwaya na bendi zinapotafuta vyombo.

Mwishoni, iwe umenunua au unapanga vyombo vya Jumapili, mpeleke mtu benchi la mwisho kwaya ikiimba. Muulize mawili: maneno ya wimbo umeyasikia? Na mwendo wa besi unaweza kuufuatisha kwa mdomo? Akitaja maneno na kuufuatisha mwendo, ondoa mkono kwenye vitufe.