Sauti Inapobadilika: Koo Linasema Nini?

Sauti hutengenezwa na mikunjo miwili midogo iliyo ndani ya zoloto. Mtu akivuta pumzi, mikunjo huachana. Akisema, hukutana, na hewa ya mapafu huitikisa mara 100 na zaidi kwa sekunde. Mikunjo ikivimba, ikiota kitu au ikishindwa kukutana, sauti hutoa habari mapema, mara nyingi kabla ya maumivu.

Kupwelewa na sauti kwa sababu ya mafua huisha kwa kawaida ndani ya wiki 2. Kukipita wiki 3, tangawizi na asali havitoshi tena, koo litazamwe.

Gasenyi, kama mitaa mingine ya Bujumbura, ina watu wanaokula kwa sauti zao: walimu, wachuuzi, wahubiri. Kwao hushukiwa kwanza vinundu kwenye mikunjo. Asubuhi sauti ni safi, jioni inakwaruza. Mwanakwaya akipandisha wimbo, panatoka pumzi tupu. Vinundu hupungua kwa kunywa maji, kupumzisha sauti na kujifunza kusema bila kukaza koo. Kunong'ona si kupumzika, maana nako huweza kulikaza koo.

Sauti dhaifu, yenye hewa nyingi, kwa mtu anayepaliwa na maji, ni jambo zito zaidi. Huenda mkunjo mmoja umepooza. Neva inayoendesha mkunjo wa kushoto hushuka hadi kifuani, ikazunguka mshipa mkuu wa damu, kisha ikarudi shingoni. Kwa hiyo uvimbe wa pafu unaweza kusikika kwanza katika maneno ya mgonjwa. Nyumbani, mtu avute pumzi na kusema "aaa" bila kukatiza: mtu mzima mwenye afya hufika kama sekunde 15, asiyefika 10 akapimwe.

Sauti iliyokauka pamoja na kikohozi, jasho la usiku na kukonda huweza kuwa kifua kikuu cha zoloto. Dawa zake hutolewa bure nchini Burundi. Kwa mvuta sigara, saratani isisahaulike: ikiwahiwa, hutibika. Mtoto ambaye kilio chake kimekauka kwa miezi, na pumzi yake inapiga mlio, asihesabiwe tu kuwa na pumu; huenda ana vioteo vya virusi kooni. Anayehangaika kupumua apelekwe saa hiyohiyo.

Kituo cha afya kiombwe rufaa kwenda hospitali kubwa, kama ile ya Chuo Kikuu ya Kamenge. Daktari wa masikio, pua na koo hutumia kioo kidogo au kamera nyembamba ipitayo puani, na mgonjwa huambiwa aseme "iii" ili mikunjo ionekane ikikutana.